Kitenge ya Vert, Picha ya Bleu

Mucheke kwanza, mumalize, kisha munipatie nafasi niongee, juu hii habari inazungukaka muji na bantu benye habakukuwa mule mu salle ya karamu, na kila moya anaongeza yake, mpaka juzi pa marché, ku soko, nilisikia mama moya anaelezea rafiki yake eti ku ndoa ya Béa, ndugu yake alivalisha famille muzima nguo ya matanga. Matanga ya wapi? Ilikuwa bleu ya mbingu, bleu muzuri kabisa. Huyu ndugu ya Béa njo miye, Dido. Haya nilipata siku ile iko yangu, sikatae, masikio ilinipata moto mpaka nikatafuta mulango ya kutokea na sikuiona, lakini kama ni kuongea, tuongee vile mambo ilikuwa, na mutaona kama bantu ya kusikia haya balikuwa mingi na miye peke yangu njo balinibebesha.

Munakumbuka ule mwaka bei ya shaba ilianguka. Bapatron benye balikuwa banajaza mahoteli balikimbilia bote Luano kupanda ndege, mafour ya kuyeyusha shaba ikazimika, macamion ikabaki imesimama ku barabara ya Kipushi na mizigo yake, na kila asubui ulisikia tena nani balimurudisha ku nyumba. Papa yangu alitumika mu société moya ya mugodi miaka mingi (muntu ya famille ya reli, huyu; baba yake alitoka kaskazini ya Katanga kuweka reli, ye mwenyewe akashuka mu shimo), na miye nilikuwa mu ile ile société, mu bureau ya dessin, ya kuchora maplan. Ilifunga bila hata kutuaga. Pa nafasi ya mushahara ya mwisho balitupanga mulongo mu cour, kila muntu asaini, abebe kitu, aende. Papa, na jasho yake yote ile, balimupa biti ya plastike na bâche moya kubwa ya jaune, rangi ya manjano, ile banafunikaka nayo mizigo ya camion. Miye balinipa imprimante, mashini ya kuchapa na kutosha mapicha ya rangi, na karatasi yake ya kungaa. Balituambia tushukuru, juu bengine habakupata kitu. Mpaka leo nikifikiria ile "tushukuru", hasira inanipanda.

Bâche, Papa aliitundika mu salon, juu Mama alikuwa alisha kuuzisha marideaux, mapazia ya madirisha, na jua ya mangaribi ilikuwa inatuchoma. Dirisha bâche, mulango bâche. Salon ikageuka jaune yote: mukate jaune, chumvi jaune, meno ya bageni jaune. Siku za kwanza inasumbua macho, kisha unazoea, hauione tena, unafikiri dunia iko vile. Hii muiweke mu kichwa, tutairudilia.

Lakini mwenye habari hii ni Papa. Mbele société ifunge, parcelle yetu ilikuwa inajaa kila dimanche, siku ya kusali: bandugu, bajirani, bantu ya kazi, kila muntu na shida yake ao na chupa yake, Papa anakaa katikati, anaamua maneno, anacheka kwa sauti. Kisha kufunga, balianza kupunguka. Haikuwa ubaya, kila muntu alikuwa na njaa ya kwake, lakini Papa aliipokea mubaya. Alikuwa anaweka kiti yake ya plastike pa mulango, anaangalia portail, mulango ya inje, na kama portail inalia anainuka mbiyo, kumbe ni mupepo. Aliacha hata kukata ndevu.

Njo pale Kambale alikuya kuomba Béa. Kambale ni kijana ya bantu ya Nord-Kivu, baba yake eko na dépôt ya kuuzisha bitenge pale katikati ya muji, bantu ya kusali, ya heshima, benye beko na macamion na beko na majina. Papa alikubali, hakusumbua na mambo mingi ya dot, mahari. Mangaribi ile alituita, miye na Mama, mu salon ya jaune, akasema neno moya tu.

"Siku ile nataka upande yangu ijae. Kingine siombe."

Siye bote tulielewa. Ku salle, munajua, famille mbili zinakaa zinaangaliana, ya bibi arusi ku kushoto, ya bwana arusi ku kuume, kila famille na kitenge yake ya uniforme, na muntu akiingia, kitu ya kwanza anafanya ni kuangalia upande gani ilijaa na upande gani iko na biti bule, bila muntu. Upande ya biti bule, famille ile inaongelewa miaka. Bamama bawili balikaa pamoja kuchagua kitenge, na balisikilizana muzuri sana: dessin ile ile, majani na tundege kidogo, lakini rangi mbili. Siye vert, rangi ya majani ya sombe, bo bleu ya mbingu, ili mu mapicha ionekane famille mbili zenye zinafanana bila kuchanganyika. Mama ya Kambale alitosha ya kwetu mu dépôt, pièce moya, akamupa Mama yangu ashonee ba mu nyumba. Bengine bote, bantu ya famille mu muji, Kipushi, Likasi, mpaka Lukafu ku mashamba, kila muntu atajilipia yake.

Sasa, kwetu kuko namna ya kufanya. Mama mwenye kupanga ndoa anakamata makasi, anakata kitenge tupande tukidogo, upana ya vidole, anatuma kila tantine kipande yake. Tantine anakifunga mu leso, anaenda nayo marché, anakiweka juu ya kitenge ya duka: kama kinapotea juu rangi ni moya, analipa, anabeba, kama kinaonekana, anaendelea mbele. Babibi yetu balifanya vile, na sijapata kusikia hata siku moya eti kipande ilidanganya muntu.

Mama alikuwa alisha kukamata makasi. Alikuwa alisha kukunja kitenge juu ya meza. Na miye, Dido, mwenye hakuna muntu aliniuliza, nikasema aweke makasi chini. Nilimuambia hatuwezi kuharibisha kitenge muzuri vile kama bantu ya zamani, tuko na imprimante mu nyumba, nitapiga picha, nitatosha mapicha ya rangi kabisa, kila tantine atapokea karatasi ya kungaa, atafikiri ni invitation ya gouverneur. Mama aliniangalia, akaangalia makasi. Kusema kweli (hapa munaweza kucheka), kitenge haikuniuma roho. Kilichoniuma ni imprimante. Tangu kufunga ilikuwa inakaa mu kona na kitambaa juu yake, na miye nilikuwa mu kona ingine, na nilichoka kuona Mama anatufuta bote vumbi.

Mama akaweka makasi chini. Ile njo kosa, pale pale, na yote yenye ilifata ilitoka pale.

Wino ya jaune mu cartouche ilikuwa ilisha kukauka, nikaenda kuijazisha kwa muntu moya mwenye anauzisha bintu ya ordinateur pembeni ya marché, muntu ya chemise muzuri na maneno mingi. Alikamata sindano ya hospitali, akavuta kitu mu chupa, akachoma cartouche yangu, akaniapia kwa mama yake eti ni wino original ya inje. Original ya inje gani? Sijui mpaka leo ilikuwa nini, labda ni mayi tu yenye mama yake alioshea muchele. Nikarudia ku nyumba, nikangojea courant, umeme (ule mwaka courant ilikuwa inakuya muchana kidogo, inatusalimia, inaenda), na courant ikafika nikaruka ku kazi.

Na musiseme sikufanya kazi muzuri, juu hapa njo hasira yangu inakaa. Nilifanya yote. Nilitosha kwanza karatasi ya kujaribu, ile yenye inaandika mistari ya kila wino: ya noir ikaonekana, ya bleu ikaonekana, ya rose ikaonekana, ya jaune sikuiona muzuri, lakini mustari ya jaune juu ya karatasi nyeupe, mu nyumba yenye nyeupe yenyewe iko jaune, utaiona na macho ya nani? Nikasema iko. Nikapiga kitenge picha juu ya meza, nikatosha karatasi ya kwanza, ikatoka ya kufifia, nikarekebisha ku ordinateur, nikatosha ingine, nikarekebisha tena, naweka karatasi juu ya kitenge, naangalia, natosha, naangalia, mpaka karatasi na kitenge ikawa kitu moya. Vert na vert. Nikaita Mama, akaangalia, akasema kweli. Nikaita Béa, akasema ni ile ile. Papa akainuka ku kiti yake pa mulango, akaingia, akakamata picha na mukono yake, akaiweka juu ya kitenge, akaisukuma huku na huku, akasema hauwezi kujua wapi karatasi inaishia. Na akacheka. Tangu kufunga hakucheka vile, na miye nilisikia niko muntu tena mu ile nyumba.

Nikatosha mapicha yote mbiyo mbiyo mbele courant iende, Béa akayaweka mu bahasha pale pale juu ya meza, akafunga, jioni yake bahasha zikaenda, zingine na bus, zingine na bajirani. Hakuna hata picha moya iliona jua mbele ya kufika kwa mwenyewe.

Kisha siku kidogo Tantine Véro akanipigia simu kutoka Kipushi. Tantine Véro ni dada ya Papa, anachuuzaka ku mupaka, mwanamuke ya sauti, na muntu hamudanganye bei. Alisema bahasha alifungua, picha aliona, muzuri sana, lakini kipande ya kitenge iko wapi, ao ilianguka njiani? Nikamuambia hakuna kipande. Akauliza kama kweli kweli ni kufata rangi ya picha. Munajua muntu akikuuliza vile juu ya kazi yako, kitu inakuuma ndani. Nikamujibu kwa ukali kidogo.

"Tantine, fata picha vile iko. Kipande ya nini tena?"

Akasema sawa. Na akabapigia batantine bengine bote, juu ni yeye banamusikilizaka, akabaambia Dido alisema kufata picha vile iko.

Alama za kunionya zilikuwa, sasa naziona. Papa Kambale, baba ya bwana arusi, alipigia Papa simu na furaha, eti kitenge ya bleu iliisha mu dépôt, balimaliza hata ya akiba, hakujua kama bantu ya Kivu beko mingi vile mu Lubumbashi. Alikuwa na sababu ya kufurahi, maskini, juu ule wakati vita ilikuwa inawaka kwabo, barabara ilifungwa, ndege zinaahirishwa kila siku, na bandugu yake benye alingojea ku ndoa ya mutoto yake balikuwa bangali kule, bengine banakimbia na mizigo ku kichwa. Bleu kuisha ilimupatia moyo. Lakini alisema tena kitu moya: ya vert iko pale pale, mulima. Papa aliweka simu chini, akaniuliza polepole kama mapicha ilifikia bantu bote. Nikajibu bote, Papa. Nikamuambia bantu yetu habaendange ku dépôt, banatafuta bei ya chini marché. Usiku ile hakukula muzuri, na miye, mupumbavu, nilikasirikia bandugu, nikafikiri beko banatukimbia juu tulipoteza kazi.

Siku ikafika. Ku église kila muntu alivaa vile alipenda, ni kawaida, uniforme inatokaka ku salle, na bandugu mingi nabo banafikaka ku salle tu. Tukarudia kubadilisha nguo: Papa na chemise ya vert, alikata ndevu, Mama na robe ya vert ya mikono ya kuvimba, miye chemise ya vert na appareil photo ku shingo, juu miye njo nilikuwa photographe (nani mwingine, na imprimante mu nyumba?). Salle ilikuwa na upungufu ya biti, kwa hiyo tulibeba hata ile ya plastike ya kwetu, ya décompte, yenye balitupa pa nafasi ya mushahara.

Pa mulango bwana arusi alikuwa aliweka bavijana ya protocole, bageni kabisa, habajui sura ya muntu hata moya. Kazi yabo ilikuwa rahisi: vert kushoto, bleu kuume. Balitukalisha mbele ku kushoto, Papa na Mama, na nyuma yabo mistari ya biti mpaka ku ukuta. Nikasimama pembeni na appareil yangu, mulango ilikuwa mbali nyuma, na jua ya inje ilitupiga mu macho: ya benye kuingia tuliona rangi tu, sura hapana.

Bantu bakaanza kuingia. Bleu. Kuume. Bleu ingine, kikundi, na vigelegele. Kuume. Bleu, bleu, bleu. Vert hakuna. Papa alikuwa anageuka kila mara kuangalia nyuma yake, kisha akaacha kugeuka. Upande ya kuume balianza kuleta biti kutoka inje, juu haikutosha, na protocole, mu akili yake, akakuya kukamata biti ya upande yetu. Alimuomba Papa ruhusa kwa heshima, na Papa akaitika na kichwa. Nilimuona anaitika. Kama nilikuwa na jiwe ningemupiga huyu kijana, na hakuwa na kosa.

Nilikasirika mpaka nikainua appareil nipige picha ya hawa bantu ya bleu benye balituletea kiburi yabo, na mu appareil, mustari ya mbele, nani anacheza na mabega? Tantine Véro. Nikashusha appareil, nikaangalia na macho. Pembeni yake, ndugu ya Mama, ule ya Likasi. Nyuma, bantu ya Lukafu, bote, na bazee yabo. Bajirani yetu ya avenue. Bantu ya kazi ya Papa, benye habakufika tangu kufunga, bamekaa na mabibi yabo, bote bleu. (Kisha balinieleza: baliona Papa na Mama na vert, bakafikiri bazazi bana uniforme yabo ya peke yabo, ni kitu inafanyikaka.)

Mu mufuko yangu nilikuwa nilifunga mabatri ya appareil mu karatasi, moya ya zile picha yenye ilibakia. Nikatoka nayo mpaka pa mulango, pa jua. Nikaifungua. Bleu. Bleu ya mbingu, majani na tundege. Nikaigeuza, nikairudisha ndani ya kivuli, nikaitosha tena ku jua, bleu. Ile muntu ya sindano hakuweka jaune mu cartouche hata tone, na bâche yetu njo ilikuwa inaongeza jaune yenye ilikosekana, kila siku, bule, juu ya kila kitu. Ndani ya salon yetu bleu ilikuwa vert. Bantu bane tuliangalia, hakuna hata moya mwenye alifikiri kufungua mulango.

Nilitaka kukimbia kwa Papa kumuambia, lakini animateur ya sherehe akanitangulia na micro, akapiga kelele eti sasa famille ya bibi arusi isimame, icheze, ionyeshe ukubwa yake. Muziki ikapigwa. Papa akasimama. Mama akasimama. Nyuma yabo hakuna muntu. Papa yangu, na goti yake yenye ilibaki mu mugodi, akatosha leso mu mufuko, akaiinua juu ya kichwa, akaanza kucheza, bawili tu na Mama, mbele ya ule ukuta ya biti bule, na uso yake haikutikisika. Béa kule ku kiti ya bibi arusi alikuwa anaharibisha maquillage yake na machozi. Biatu ya Papa ilikuwa inapiga ciment pamoja na muziki.

Ni sauti ya Tantine Véro njo ilipita juu ya muziki, kutoka katikati ya bleu.

"Yaya, ndugu yangu, juu ya nini unacheza peke yako? Siye hatuko famille?"

Muziki ikasimama. Papa akageuka, akamuona. Animateur akauliza mama huyu ni wa upande gani, Tantine akajibu ni dada ya baba ya bibi arusi, tumbo moya, na akatosha mu sacoche picha yangu ya kungaa, akaiinua salle yote ione, akasema kijana yule pale pa mulango, mwenye appareil, njo aliituma, na alimuambia kwa simu kufata picha vile iko. Vichwa vyote vikageuka. Animateur, muntu bila huruma, akanifata pa mulango, akaniwekea micro mu mukono.

Nilieleza. Mungu wangu, nilieleza. Nilianza na cartouche, nikapita ku mistari ya kujaribu, nikafika ku bâche na mwanga ya jua, nikasema kitenge ni vert lakini jaune haikuwa ndani ya bleu, na kadiri naeleza, kicheko ilikuwa inapanda kutoka nyuma, mpaka mama moya akaomba animateur aulize kama mapenzi ya bibi arusi nayo ilitoka mu ile imprimante, ao hii iko rangi yake ya kweli. Salle ikaanguka. Hata Kambale, shemeji yangu, alikuwa anauma kidole asicheke. Niliona bantu banapiga magoti yabo, banafuta machozi, na miye na micro, na chemise yangu ya vert.

Papa Kambale peke yake hakucheka. Alisimama, muntu murefu, akaomba tu kwa adabu kama bandugu ya bibi arusi bangeweza kuinuka, apate kubajua. Bakainuka. Upande ya kuume karibu yote ikainuka. Benye balibaki chini ni bibi yake, na bantu ya kuhesabu na vidole, bamekaa mbali mbali, kila moya na biti bule ku mikono yote mbili. Kicheko ikakatika. Kila muntu alijua juu ya nini, redio ilikuwa inasema kila siku. Papa Kambale aliangalia nyuma yake, kisha akakaa, na akaweka mikono juu ya magoti. Na bavijana ya protocole, na akili yabo ile ile, bakaanza kupanga bantu yetu mulongo, babahamishe kushoto.

Papa akainua leso yake.

"Mubaache pale pale. Niliomba upande yangu ijae, na upande yangu ni ule."

Kisha akainama, akakamata kiti yake ya plastike ku mugongo, akaibeba, akapita katikati ya salle, Mama nyuma yake na ya kwake, na akaiweka pembeni ya Papa Kambale, karibu karibu mpaka mikono ya biti ikagusana. Akakaa. Hawa bazee bawili habakuangaliana. Papa Kambale alitosha leso yake naye, lakini si ya kucheza.

Vile njo nilibaki peke yangu ku kushoto, muntu moya ya vert mu nusu ya salle, na kwa kuwa sikuwa na kazi ingine, nilipiga picha. Bote bakaingia mu picha moya.

Sasa munaniita Bwana Bleu, muniite. Bamama ya avenue hapa, bakipita na nguo, bananiuliza iko rangi gani, nibasaidie. Yule muntu ya sindano nilimurudilia na cartouche mukononi, na munajua alinijibu nini, bila haya? Eti nilipashwa kuangalia picha ku jua. Miye. Eti ni kosa ya mwangaza ya kwangu. Alikuwa anakunywa soda, hakuisimamisha. Société yenye ilitupa bâche pa nafasi ya mushahara haikuulizwa na muntu. Mwenye wino hakuulizwa na muntu. Bale batatu benye baliangalia na miye mu salon habakuulizwa. Ni Dido.

Ile picha ya salle niliitosha kubwa, na wino ya duka ingine, na niliiangalia ku jua, ku kivuli, usiku ku taa, mpaka Mama akaniambia niache. Ilikuwa ya kweli kabisa: bleu yote, na katikati Papa na Mama na vert yabo. Papa aliitundika mu salon, juu ya kiti yake. Bandugu balianza tena kufika dimanche, kwanza kunicheka miye, kisha tu kukaa.

Miaka ilipita, na wino ile nayo ilikuwa ya bongo, ya kudanganya, kumbe. Jaune iliondoka polepole mu picha. Sura zetu zikageuka kama za bantu ya homa, na chemise ya Papa ikapoteza vert yake, siku kwa siku, mpaka leo iko bleu ya mbingu. Batoto ya Béa banapandaka juu ya kiti kutafuta koko yabo, ni kusema Papa, mu picha, na habamupate mbiyo, juu anafanana na bote. Nilimuambia Papa nitaitosha upya, na rangi ya kweli, fichier yake ningali nayo mu ordinateur. Aliipangusa vumbi na leso yake.

"Acha vile iko," akasema.

Nikaacha. Lakini kama ni ndoa, mama moya akiniletea kitenge anaomba nipige picha atumie bandugu, sibishane naye tena: nafungua mulango, natosha makasi, nakata.